Siwa za Lamu na Nyumba Zitunzwamo

Msafiri afikaye Lamu kwa mashua huona, mbele ya mji, nyumba kubwa nyeupe ielekeayo bahari. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, ikakaliwa na maofisa wa Serikali ya Kiingereza. Mwaka 1971 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Humo mna viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa pembe za ndovu, vyombo vya fedha, milango ya nakshi na mifano ya majahazi. Lakini vipitavyo vyote kwa heshima ni siwa mbili. Siwa ni baragumu kubwa. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, kazi ya karne ya 17, na urefu wake wazidi mita 2. Ile ya Lamu ni ya shaba. Mpigaji hapulizi kwenye ncha, bali katika tundu lililo ubavuni.

Namna ya kuitengeneza siwa ya shaba yafaa kujulikana. Fundi hufanya kwanza umbo la nta, akachora nakshi juu yake, kisha akalifunika kwa udongo. Motoni nta huyeyuka na kutoka, na pale palipobaki wazi humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Udongo huvunjwa, basi kalibu hutumika mara moja tu, na fundi akikosea hana budi kuanza upya. Mimi nisingethubutu.

Siwa haikupigiwa kila mtu. Ilivuma katika arusi na tohara za watu wa nasaba kubwa, na katika kutawazwa kwa wafalme. Aliyekuwa nayo mkononi alikuwa na hoja ya kudai enzi.

Vitu vya namna hii vilitoka majumbani, na wanunuzi wa vitu vya kale wamekuwa wakiviandama. Mlango ukishang'olewa na kupelekwa ng'ambo, mwenye nyumba hupata fedha, lakini mwanafunzi wa uchongaji hukosa mfano wa kuuiga.

Atakaye kuona zidaka mahali pake hasa, yaani vile vijidirisha visivyotoboka, vya chokaa, vilivyopangwa ukutani kwa safu, aingie ndani ya mitaa, kwenye nyumba ya kale ya karne ya 18 ambayo nayo imefanywa makumbusho. Ataona vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari.