LUSHOTO: MJI MDOGO, MAJI YA WENGI

Hebu tazama meza za mboga sokoni hapa Ukonga. Kabichi na karoti nyingine zimetoka mbali, huko Lushoto. Leo tusome habari za mji huo.

Lushoto uko wapi?
Lushoto ni mji mdogo katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombo unapanda barabara ya kona nyingi, unapita Soni, ndipo unafika. Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Wilaya ya Lushoto imepakana na Kenya, tena imepakana na Mkoa wa Kilimanjaro.

Maji hayajui mpaka
Mto Umba unaanza katika milima hiyo. Unavuka mpaka, unaingia baharini upande wa Kenya. Mto Lwengera nao unateremka mpaka Mto Pangani. Huko Hale, maji ya Pangani yanazungusha mitambo ya umeme. Basi, msitu wa mlimani ukikatwa ovyo, anaumia na mtu wa bondeni ambaye hakushika shoka.

Matuta ya amri
Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo. Watu walilazimishwa kuchimba matuta. Kazi ilikuwa nzito, na faida hawakuiona. Tena waliogopa kunyang'anywa ardhi. Walikataa, na kabla ya Uhuru mpango ulikufa.

Mwaka 1981 ulianza mpango mwingine. Safari hii wakulima walionyeshwa kupanda majani na miti kwa mistari inayokingama mteremko. Majani yanashika udongo, na ng'ombe anayala. Hapo faida inaonekana zizini. Udongo ni ule ule, mteremko ni ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kumwendea mkulima.

Nani aamue?
Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inawapa wanakijiji mkutano mkuu. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi anahusika. Mkutano huo hukutana kila miezi mitatu. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, kwa mfano ya kulinda chemchemi. Halmashauri ya wilaya ndiyo huidhinisha.

Hapo ndipo kisomo kinapofanya kazi. Karatasi ikiletwa mkutanoni, usiseme "ndiyo" kwa kufuata wenzako. Omba uione. Isome. Uliza: faini ni kiasi gani? Fedha zinakwenda wapi? Mtu asiyesoma huamuliwa na wengine.

Na sisi wa Ukonga?
Sisi tuna mitaa, hatuna vijiji, lakini jambo ni hilo hilo. Mto Msimbazi unaanza vilima vya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, halafu unapita kwetu Dar es Salaam. Mafuriko yake tunayajua. Taka tunazotupa mtoni hapa zinamfikia mwenzetu wa Jangwani. Kwake sisi ndio watu wa mlimani.

Maswali
1. Mto Umba unaingia baharini upande wa nchi gani?
2. Kwa nini watu wa Mlalo walikataa matuta?
3. Mkutano ujao wa mtaa wako ni lini? Kaulize, kisha andika tarehe yake.