Dondoo Muhimu: Kumdumisha Kijana Kazini

Mwajiri wa Namakwekwe, hapa Mbale, awe na duka, karakana au ofisi, akiona vijana wake wanamtoka mmoja baada ya mwingine, asiharakishe kuwatuhumu uvivu kabla hajaitazama ratiba yake mwenyewe.

• Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa juma kuwa kikomo cha kawaida, wala haikuamuru zote zianze saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kijana asomaye katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mjini humu mwaka 1988, aweza kupewa zamu ya alasiri, na Ijumaa akaruhusiwa kwenda kusali, maadamu saa zilizopungua atazilipa siku nyingine kwa ridhaa ya pande zote mbili.

• Kila mwaka wa shufwa, ifikapo Agosti, Wamasaba huwatia vijana wao jandoni kwa sherehe za imbalu, ambazo aghalabu hufunguliwa Mutoto. Basi ni ajabu kwa mwajiri, aliyeijua kalenda hiyo tangu utotoni, kughadhibika aombwapo ruhusa. Likizo ya siku 21 kwa mwaka ni haki. Tarehe zake zipangwe mapema.

• Mapatano yaandikwe. Zamu inayobadilishwa usiku kwa ujumbe wa simu ni hiari ya bwana peke yake.

• Na mwenye kuchelewesha mshahara asitaraji kwamba wepesi wa saa utamzuilia kijana.