Hisabati kwa Mwanafunzi Asiyesikia

Mwalimu anayeanza kazi hukabidhiwa darasa lake jinsi lilivyo. Huenda akamkuta humo mtoto kiziwi, hali yeye mwenyewe hajafundishwa lolote juu ya uziwi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi somo la Hisabati linavyoweza kumfikia mtoto huyo, na kwa nini tunaamini kwamba, miongoni mwa masomo yote ya shule ya msingi, hili ndilo lenye udhuru mdogo zaidi wa kumwacha nje.

Tulikuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Nyakahanga, wilayani Karagwe. Mada ilikuwa sehemu, Darasa la Nne. Mwanachuo wetu alikuwa na andalio zuri la somo, sauti yake ilisikika hadi nyuma ya darasa, na kazi yake ya ubaoni ilipendeza. Katika dawati la pili aliketi msichana asiyesikia. Kabla ya kuingia darasani mwanachuo alituhakikishia kuwa mtoto huyo hana tatizo kubwa, maana daftari lake lilikuwa na vyema karibu kila ukurasa. Tukaketi nyuma yake. Kila mara mwalimu alipougeukia ubao, akiandika na kueleza kwa pamoja, msichana alichungulia daftari la jirani, akanakili jibu, kisha akangoja. Vyema zile zote zilikuwa za jirani.

Kosa halikuwa la mwanachuo peke yake. Katika fomu ya tathmini nasi tulikwisha kumpa alama ya juu kwa kuwashirikisha wanafunzi wote.

Baada ya kipindi tulibaki na mtoto huyo na konzi ya maharage. Tulipanga punje 6 juu ya dawati, tukaandika 1/3 kwa chaki, tukazigawa mafungu matatu yaliyo sawa, kisha tukasogeza fungu moja mbele ya ile 1/3. Tukampa punje 12. Akatoa 4. Tukafuta, tukaandika 2/3, safari hii bila kumwonyesha chochote. Alitutazama kitambo, akasogeza mafungu mawili. Mtoto huyu aliyekuwa akinakili kwa miezi alikuwa na akili ya sehemu kama wenzake. Aliyokosa ni maelezo.

Tufikiri basi kuhusu maelezo hayo. Mwanafunzi anayesikia hupokea somo kwa njia mbili kwa wakati mmoja: jicho liko ubaoni, sikio liko kwa mwalimu. Kiziwi ana jicho tu, nalo halitazami pahali pawili. Akitazama ubao, uso na mikono ya mwalimu vinampita. Akimtazama mwalimu, ubao unampita. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutenganisha mambo. Andika ukiwa kimya. Geuka. Ngoja macho yakufikie, ndipo ueleze. Ukimaliza kueleza, nyoosha mkono kwenye ubao na ungoje tena, ili ayatazame uliyoyaeleza. Kungoja huku huwatia walimu wapya hofu, wakidhani darasa litawaponyoka. Sisi tumeona kinyume chake: hata wanaosikia hunufaika na kituo hicho, kwani mwalimu anayezungumza akiupa uso ubao huwafundisha nusu hata wao.

Wapo wanaodhani kuwa inatosha kusema polepole ili kiziwi asome midomo. Jaribu mbele ya kioo, bila sauti, kutamka baba, mama na papa. Midomo hufanya umbo lile lile mara zote tatu. Kusoma midomo ni kukisia, na katika Hisabati kisio likikosea jibu zima hukosewa. Kupaza sauti hakusaidii chochote, ila kuukunja uso wa mwalimu.

Utafiti unaunga mkono yale tuliyoyaona juu ya dawati lile. Mwaka 1998 Terezinha Nunes na Constanza Moreno, waliofanya utafiti wao Uingereza, walijenga hoja kwamba uziwi wenyewe si chanzo cha udhaifu katika Hisabati. Ni hali inayomweka mtoto hatarini, kwa kuwa humkosesha mengi ambayo wenzake huyaokota kwa kusikia tu. Mwaka 2004 Nunes, pamoja na Yael Zarfaty na Peter Bryant, waliwapima watoto wadogo wa umri wa miaka mitatu hivi. Walionyeshwa vitu, kisha wakatakiwa kutoa idadi ile ile. Vitu vilipotolewa kimoja baada ya kingine, viziwi walikuwa sawa na wanaosikia. Vilipoonyeshwa vikiwa vimepangwa mahali pamoja, viziwi waliwashinda. Mwalimu anayesoma matokeo hayo hana budi kuuliza: darasani mwetu namba huonyeshwa kwa kupangwa, au huimbwa tu kwa sauti moja baada ya nyingine?

Hapa kuna zoezi moja lisilohitaji sauti hata kidogo. Kusanya vizibo vya soda. Weka kimoja. Kizungushie vitatu upande wa kulia na chini, viwe mraba wa viwili kwa viwili. Ongeza vitano kwa namna ile ile, upate mraba wa vitatu kwa vitatu. Kisha saba, kisha tisa. Andika kando: 1, 4, 9, 16, 25. Mtoto ataona kwa macho yake kuwa namba witiri zikijumlishwa kwa mfuatano kuanzia moja huzaa namba mraba, na ataona pia ni kwa nini, kwani kila safu mpya inauzunguka mraba wa zamani na kuhitaji vizibo viwili zaidi ya safu iliyotangulia. Huo ni uthibitisho kamili. Wanahisabati wanaotafiti hisabati tupu, ile isiyotafuta faida ya haraka sokoni, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa karatasi na kalamu, na hoja zao hupimwa kwa kusomwa. Sikio halina kiti cha enzi katika kazi hiyo.

Elimu ya nyota nayo ni ya macho, na viziwi wameijenga. John Goodricke, aliyezaliwa mwaka 1764, alipoteza uwezo wa kusikia angali mtoto mchanga. Alisomeshwa kwanza Edinburgh katika shule ya viziwi ya Thomas Braidwood, halafu akapelekwa Warrington kusoma pamoja na wanaosikia, akasifiwa kwa Hisabati. Mwezi Novemba mwaka 1782, akiwa na umri wa miaka 18 na akiishi mjini York, aliona nyota iitwayo Algol imefifia. Wengine walikwisha kuona kuwa nyota hiyo hubadilika. Yeye aliifuatilia usiku baada ya usiku hadi akapata kipimo cha muda wake, akatoa rai kwamba huenda kitu fulani kinapita mbele yake na kuikinga. Alipewa Nishani ya Copley mwaka 1783. Rai yake ilithibitishwa mwaka 1889. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1786, akiwa na miaka 21.

Algol huonekana Nyakahanga. Mwezi wa Januari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, mawingu yakituruhusu, itafute upande wa kaskazini, kama nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, yaani siku 3 kasoro saa 3 na dakika 11. Hapo pana somo la vipimo vya wakati kwa Darasa la Tano au la Sita. Tuseme imefifia kabisa siku ya Jumatatu saa 4.00 usiku; itafifia tena lini? Alhamisi saa 12.49 jioni, jua likiwa halijazama. Mwanafunzi makini atauliza kama basi hatutaiona. Tutaiona, kwa kuwa kufifia na kurudi huchukua takriban saa 10, na giza likiingia mwanga wake utakuwa bado haujarejea.

Mwaka 1784 Goodricke huyo huyo aligundua kubadilika kwa nyota nyingine, Delta Cephei, ambayo imelipa kundi zima la nyota jina lake. Zaidi ya karne moja baadaye, huko Harvard, Marekani, Henrietta Leavitt, naye akiwa amepoteza usikivu wake, alichunguza nyota za kundi hilo katika picha, na mwaka 1912 akaonyesha kuwa kadiri nyota inavyochukua muda mrefu zaidi kubadilika ndivyo inavyong'aa zaidi. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble alipima umbali wa Andromeda katika miaka ya 1920. Na walimu wasisahau kuwa Konstantin Tsiolkovsky, mwasisi wa hesabu za roketi, aliyepungukiwa sana na usikivu tangu utotoni, alikuwa mwalimu wa hesabu katika miji midogo ya Urusi, Borovsk na baadaye Kaluga.

Tugeukie sasa vyuo, kwani kiziwi aliyefundishwa vizuri atafika huko, na huenda akaketi nawe darasa moja. Rochester, Marekani, pana taasisi ya ufundi ya viziwi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, ndani ya chuo kikuu cha watu wanaosikia. Wanachuo hupatiwa wakalimani na watu wa kuwaandikia nukuu. Hilo la nukuu ni la busara sana. Mwanachuo kiziwi anayemtazama mkalimani hawezi kuandika, na anayeandika hamwoni mkalimani. Jirani anayesikia na kutumia karatasi ya kunakilia huondoa shida hiyo kwa gharama ndogo. Jirani yetu Uganda ana Chuo Kikuu cha Kyambogo, kinachofundisha elimu maalumu na lugha ya alama. Sisi tuna Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na kwa watoto zipo shule kama ile ya Tabora iliyoanza mwaka 1963, na ya Mugeza, Bukoba, iliyo karibu nasi zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inatambua haki yao ya elimu.

Lakini mkalimani peke yake hatoshi. Chukua maneno kigawo na kigawe. Yanatofautiana kwa irabu moja, na maana zake zinakwenda kinyume. Mkalimani asiyeyajua atatumia alama moja kwa yote mawili, na mwanachuo atatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika mahali alipoombwa Kigawo Kikubwa. Mpe mkalimani andalio lako siku moja kabla. Keti naye pamoja na mwanachuo mwenyewe, mkubaliane alama ya kila istilahi, na pasipo na alama itumike tahajia ya vidole. Mwanachuo ndiye mjuzi wa lugha yake, asikilizwe yeye.

Tulirudi shule ile baada ya wiki tatu. Mwanachuo wetu alikuwa akiandika kimya, akageuka, akangoja. Watoto wengine walicheka kidogo, maana hawakuzoea ukimya ule, kisha wakanyamaza. Msichana wa dawati la pili aliinua mkono, akaenda ubaoni na kuandika kuwa robo tatu ya 20 ni 12. Alikosea. Mwalimu akampa vizibo, wakahesabu tena pamoja, darasa zima likitazama.