Somo: Nawa Kwanza, Ndipo Upime Sukari

Somo letu la leo lahusu mashine ndogo ya kupima sukari ya damu, ambayo wengi wenye ugonjwa wa kisukari hapa Membley na Ruiru wanayo nyumbani. Ni mashine nzuri, lakini yataka kueleweka.

Asubuhi moja mzee jirani yetu alijipima akaona 16.8. Alishtuka. Mara akashika sindano ya insulini ili ajiongezee dozi. Bahati nzuri mjukuu wake, ambaye ni muuguzi, alikuwa amekuja kumsalimia.

"Guka, ulinawa mikono?"

"Ninawe ya nini? Nimemenya ndizi tu, sijatoka shambani."

Msichana akaleta maji na sabuni. Mzee akanawa, akajikausha, akajipima tena: 7.4! Kama angejidunga ile dozi ya ziada, sukari ingeshuka mno na pengine angezirai hapo kitini.

Je, mashine ilidanganya? La. Ilipima sawasawa kile ilichopewa. Hebu tuone ni kwa nini.

INAVYOFANYA KAZI

Katika ncha ya stripu kumepakwa kimeng'enya, kitu kinachotengenezwa na viumbe hai kama kuvu. Kazi yake ni kuitafuta glukosi, yaani sukari ya damu. Kikiipata, huinyang'anya elektroni, zile chembe za umeme. Elektroni hizo hupita kwenye stripu hadi mashineni. Glukosi ikizidi, umeme nao huzidi. Mashine hupima umeme huo, kisha inakuandikia nambari. Vifaa vya namna hii huitwa baiosensa.

WALIOITENGENEZA

Wazo hili lilitolewa mwaka 1962 na Leland Clark wa Marekani. Mwaka 1987 ikatoka mashine ya kwanza ya nyumbani ya kupima kwa umeme, ExacTech, iliyotokana na utafiti wa vyuo vikuu vya Cranfield na Oxford huko Uingereza.

Lakini watu bado waliumia vidole, kwa sababu damu nyingi ilihitajika. Hapo ndipo alipoingia Adam Heller, mzaliwa wa Rumania, profesa wa uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mwaka 1996 yeye na mwanawe Ephraim walianzisha kampuni ya TheraSense, na mwaka 2000 wakatoa FreeStyle, iliyohitaji mikrolita 0.3 tu za damu. Tone moja la maji lingetosha vipimo zaidi ya mia! Profesa huyo pia alibuni nyuzi nyembamba za kemikali za kutoa elektroni ndani ya kimeng'enya. Kazi hiyo ilisaidia kuleta kifaa cha kuvaliwa mkononi kwa siku 14, FreeStyle Libre, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014.

Sasa angalia. Katika tone dogo namna hiyo, glukosi yote haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Basi utomvu kidogo wa ndizi au embe uliobaki kidoleni unaweza kuizidi glukosi ya damu yenyewe. Kimeng'enya hakijui hii imetoka kwenye damu na ile kwenye tunda. Kwacho zote ni glukosi.

Mwaka 2011 madaktari wa Japani waliripoti kwamba watu waliomenya matunda walipata nambari za juu sana, hata baada ya kidole kupanguswa kwa spiriti. Waliponawa kwa maji ya bomba, nambari zikarudi sawa. Kwa hivyo spiriti peke yake haitoshi.

MAMBO YA KUFUATA

1. Nawa kwa maji na sabuni, ujikaushe kabisa. Maji yakibaki kidoleni huizimua damu.

2. Funga chupa ya stripu mara tu unapotoa moja. Unyevu na joto huharibu kimeng'enya. Usiziache ndani ya gari juani wala kando ya jiko.

3. Soma tarehe ya mwisho ya stripu. Za bei rahisi zilizopitwa na wakati ni hasara.

4. Nambari ikikushangaza, nawa upime tena kabla ya kugusa dawa. Hata mashine nzuri hutofautiana kidogo: penye 10 yaweza kusema 8.5 au 11.5.

5. Ikiwa chini ya 4, usingoje. Kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha upime tena baada ya dakika 15. Aliyezirai asinyweshwe kitu, mkimbize hospitali.

6. Kama hujawahi kuambiwa una kisukari, na asubuhi kabla ya kula unaona 7 au zaidi, usijitibu. Nenda hospitali upimwe sawasawa.

Yule mzee sasa ameweka beseni na sabuni kando ya mashine yake. Ati mjukuu akija, yeye ndiye humwuliza kwanza kama amenawa!

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tone dogo la damu lataka mikono safi zaidi?

2. Nyumbani kwenu stripu huwekwa wapi? Je, mahali hapo panafaa?

3. Ni nani katika mtaa wenu anayejipima peke yake, na anahitaji mtu wa kumwonyesha?