Unajinyima na kutoka jasho, mbona uzito haushuki upesi?

Ni jambo la kawaida mijini kuwaona watu wakitembea kwa kasi au kukimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wengi wao wameshauriwa na daktari wapunguze uzito. Wameacha chipsi na soda, na baadhi yao hawali hata chakula cha jioni. Mwezi wa kwanza uzito hushuka vizuri. Mwezi wa pili hushuka kidogo. Kufikia mwezi wa tatu mshale wa mizani hukwama, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia mazoea yao ya awali.

Hasara ya kukata tamaa si ya umbo tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uzito wa aina hiyo huandamana na shinikizo la damu, ugonjwa wa kisukari na maumivu ya magoti. Kwa hivyo ni muhimu kuelewa kwa nini uzito hushuka polepole, na ni wakati gani mwendo huo ni ushindi wala si kushindwa.

KILO ZA MWANZO NI MAJI

Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Mtu anapoanza kupunguza chakula, akiba hiyo hutumika kwanza na maji yake hutoka pamoja nayo. Ndiyo maana mtu huweza kupoteza kilo 2 au 3 katika wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo mafuta yenyewe ndiyo huanza kuyeyuka, na haya hayana haraka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700.

Maji hayo hayo huweza kuficha maendeleo. Mwanamke anayekaribia hedhi, mtu aliyekula chumvi nyingi au aliyeanza mazoezi mapya huhifadhi maji zaidi kwa siku kadha. Mizani haitasonga, ilhali mafuta yanapungua.

MAZOEZI HAYACHOMI TUNAVYODHANI

Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi kwa nusu saa hutumia takriban kalori 150. Chupa moja ya soda ya mililita 500 ina zaidi ya kalori 200. Basi anayejituza kwa soda baada ya matembezi amerudisha yote na kuongeza.

Isitoshe, mwili una ujanja wake. Mwaka wa 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, ambao huwinda, huchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Baada ya ukubwa wa mwili kuzingatiwa, ilibainika kwamba Wahadza walitumia kalori sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa afisini. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingineko.

Hii haina maana kwamba mazoezi hayafai. Mazoezi huimarisha moyo, hushusha sukari katika damu, hulinda misuli na humsaidia aliyepungua asinenepe tena. Lakini kazi kubwa ya kupunguza kilo hufanyika mezani.

HABA NA HABA HUJAZA KIBABA

Wengi hupunguza ugali lakini hawapimi mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120. Sukuma wiki iliyokaangwa kwa vijiko vitatu si mboga tu, ni kalori 360 kabla ya kuhesabu chochote kingine. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko viwili vya sukari, hupata takriban kalori 130, bila ya maziwa. Konzi moja ya njugu karanga ni kalori 170 hivi. Vyakula hivi si vibaya, ila vinahesabika.

Mwaka wa 1992, watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 waliolalamika kwamba hawapungui ingawa walikula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Miili yao ilipatikana kuwa inachoma chakula kama kawaida. Kiasi walichosema wamekula kilikuwa karibu nusu tu ya walichokula, na mazoezi waliyotaja yalizidi waliyofanya. Hawakuwa waongo. Ni vigumu kukumbuka andazi la saa nne au chakula cha mtoto kilichobaki kwenye sahani.

MWILI MDOGO, MAHITAJI MADOGO

Kadiri uzito unavyopungua ndivyo mwili unavyohitaji chakula kidogo zaidi. Kiasi kilichokupunguza ukiwa na kilo 84 huenda kikatosha tu kukuweka palepale ukifikisha kilo 78. Njaa nayo huongezeka. Kwa hivyo uzito kukwama baada ya miezi kadha ni jambo la kutarajiwa.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa kilo 84 ambaye amepunguza kilo 4 kwa miezi mitatu. Anaona hajafanya lolote. Hata hivyo, kilo 4 ni karibu asilimia 5 ya uzito wake, na kwa kawaida shinikizo la damu hushuka takriban kipimo kimoja kwa kila kilo inayotoka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002 ulihusisha watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa wastani walikuwa wamepungua chini ya kilo 6 tu.

LA KUFANYA

1. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Linganisha mwezi na mwezi, wala si siku na siku.

2. Pima kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo. Mizani ikikwama na kiuno kikapungua, mafuta yanatoka. Lenga kiuno kisichofika nusu ya urefu wako.

3. Kwa wiki moja andika kila unachokula na kunywa, papo hapo. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina.

4. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, robo kwa maharagwe, ndengu, samaki au nyama, na robo kwa ugali au wali.

5. Mbali na kutembea, fanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki ili misuli isipungue.

6. Lala saa saba au zaidi. Anayekosa usingizi huona njaa zaidi.

MWONE DAKTARI

Iwapo umefuata haya kwa miezi mitatu bila badiliko lolote, nenda ukachunguzwe. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema, mvurugiko wa homoni unaoambatana na hedhi zisizotabirika, pamoja na dawa kama insulini, steroidi na baadhi ya sindano za kupanga uzazi huweza kuzuia uzito kushuka. Usiache dawa bila ushauri. Nao wanaotumia dawa za kisukari au shinikizo la damu wamjulishe daktari kwamba wanapungua, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.

Jihadhari na vidonge na majani ya chai yanayouzwa kwa ahadi ya kukukondesha kwa wiki moja. Mengi ya majani hayo huharisha tu, na kinachotoka ni maji. Baadhi ya bidhaa zinazoitwa za kiasili zimepatikana zikiwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa kuhatarisha moyo.

Kwa hivyo, msomaji, ukipungua nusu kilo kwa wiki, au hata kilo moja kwa mwezi, usiache. Mtu aliyepungua kilo 4 na kubaki hapo kwa miaka mitatu amejifaa kuliko aliyepoteza kilo 10 kwa miezi miwili kisha akazirudisha zote.