SOMO LA ROBO HII: DAWA ZA TUMBO NA ULEVI WA POMBE



Tabora ni nchi ya asali, na kwa asali hiyohiyo hutengenezwa wanzuki. Ulevi umeumiza familia nyingi katika parokia zetu. Siku hizi tunaulizwa: je, kamati itumie fedha za mfuko kununua vidonge vya "bakteria wazuri" ili walevi waache pombe? Tujifunze pamoja.

Pombe hufanya nini tumboni?
Pombe nyingi huharibu ukuta wa utumbo na kuvuruga bakteria waishio humo. Sumu zao hupenya hadi kwenye damu na kuliumiza ini. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba walevi ambao utumbo wao ulikuwa ukivuja walibaki na huzuni, wasiwasi na hamu kubwa ya pombe hata baada ya wiki 3 bila kunywa.

Je, vidonge husaidia?
Nchini Urusi, wanaume 66 waliolazwa kwa ulevi walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Waliopewa bakteria wazuri kwa siku 5 walipata nafuu ya ini kuliko wenzao. Lakini hilo ni ini, si hamu. Mwaka 2022 Ubelgiji ilitoa matokeo ya wagonjwa 50: waliopewa inulini, aina ya nyuzinyuzi za mimea, kwa siku 17 walichangamka zaidi na watu, ila hamu yao ya pombe haikupungua kuliko ya wenzao.

Tukumbuke wapagazi wa karne ya 19, waliotoka Bagamoyo wakapumzika Tabora kabla ya kwenda Ujiji. Mpagazi mwenye kidonda mguuni alihitaji dawa, lakini dawa ya kidonda haikumtua mzigo. Vidonge hivi ni dawa ya kidonda. Mzigo ni pombe yenyewe.

Kamati ifanye nini?
1. Mnywaji wa kupindukia asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe kwanza hospitali, kama Kitete.
2. Aulize huko kuhusu vitamini B1, ambayo walevi wengi hupungukiwa.
3. Badala ya makopo ya bei kubwa, apate chakula: maharage, mboga za majani, vitunguu na maziwa ya mgando. Togwa lililokaa siku nyingi huwa pombe, hivyo asipewe.
4. Fedha za mfuko zilipe nauli ya hospitali na kuwezesha wanakamati wawili kumtembelea kila wiki.

Maswali ya kujadili
- Katika jumuiya yetu, nani amebeba mzigo huu peke yake?
- Nani atamsindikiza hospitali, na lini?

Tuanze na mtu mmoja.