Jalala Lisishibe Kuliko Watoto

Wazee wetu walitufunza kwamba akiba haiozi. Lakini tukitazama nyuma ya nyumba nyingi, mjini na shambani, twaona ugali wa jana, wali uliochacha na nyanya zilizooza vimelundikwa pamoja na maganda ya ndizi. Huo ni mshahara wa baba, jasho la mkulima na kuni za mama. Wala jambo hili si dogo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula, pamoja na maganda na mifupa. Na katika kila tani 10, kama tani 6 zilitoka majumbani.

Injili yatukumbusha kuwa Bwana wetu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wafuasi wake wakusanye mabaki, nao wakajaza vikapu 12. Aliyeweza kuuzidisha mkate hakukubali upotee.

Siku hizi familia zahimizwa kutengeneza mboji, nasi twaliunga mkono jambo hilo. Hata hivyo tusijidanganye. Sahani ya wali mzuri ikitiwa katika mboji hurudisha rutuba kidogo tu. Fedha, maji na kazi iliyoupika havirudi. Kwa hiyo yafaa tufuate utaratibu huu: kwanza watu, pili mifugo, mwisho udongo.

Kwanza watu. Mchele na unga vipimwe kwa kikombe, kwa hesabu ya walaji. Watoto wapakuliwe kidogo, waongezewe wakitaka. Baba naye asinunue tenga zima la nyanya kwa kuwa ni rahisi, ikiwa haziwezi kuliwa juma hilo. Kiporo kifunikwe mapema, kiwekwe mahali pa baridi, na kiliwe upesi baada ya kupashwa moto sawasawa.

Pili mifugo. Mbuzi, ng'ombe na kuku hufurahia majani ya mboga na maganda ya ndizi. Lakini mahindi au karanga zenye ukungu asipewe mtu wala mnyama. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, nayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Katika jambo hili ubahili ni hatari.

Mwisho udongo. Elimu hii si ngeni kwetu: Wahaya katika vibanja vyao na Wachagga katika vihamba vyao wamelisha migomba kwa samadi na mabaki ya nyumbani tangu zamani. Chagueni mahali penye kivuli. Tandazeni chini mabua yaliyokatwa, ili hewa ipite. Juu yake wekeni mabaki ya jikoni, kisha majani makavu mara mbili au tatu ya kiasi hicho, kisha samadi au udongo kidogo. Rudieni hivyo mpaka biwi lifike kiunoni. Nyunyizeni maji, liwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa, mkalifunike kwa majani ya migomba. Ligeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu. Likinuka vibaya, limekosa hewa: ligeuzeni na kuongeza majani makavu. Nyama, mifupa, mafuta na plastiki visitiwe humo. Baada ya miezi mitatu hivi mtapata mboji nyeusi, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Asiye na kiwanja aweza kutumia ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu.

Wazazi wapenzi, twawaomba juma hili mweke makapu mawili jikoni: moja la mabaki yaliyofaa kuliwa, na la pili la yale yasiyolika. Jumamosi watoto wayapime mbele ya wote. La pili likijaa, bustani itanufaika. La kwanza likijaa, hatuna budi kuketi pamoja na kusahihisha mambo ya jikoni na sokoni kabla ya kushika jembe.